Upepo wa Matairi Baada ya Kubadili Magurudumu: Nambari Ipi Tuifuate?



Msimu wa joto umewadia, skuli zinafungwa, na kama ilivyo ada, jamaa wengi hapa Maskati wameanza kupanga safari ya Salalah kwenda kuuona Khareef. Njia ya kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait ni mwendo wa karibu kilomita 1,000, na sehemu kubwa yake ni jangwa tupu lisilo kivuli. Gari hupakiwa watoto, bibi, masanduku, makasha ya barafu na vyungu vya safari, kisha likaendeshwa kwa kasi juu ya lami inayochemka. Uzito wote huo, na roho zote hizo, huchukuliwa na vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja hugusa ardhi kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono.

Mwezi huu tumeona yafaa tuzungumze juu ya jambo linaloulizwa sana na vijana wetu, na ambalo wazee nao hawana budi kulifahamu. Vijana hupenda kuyavua magurudumu ya kiwandani na kuvisha gari ringi kubwa zenye matairi mapana na membamba wa ubavu. Sura ya gari hubadilika, na hatusemi kuwa kupenda uzuri ni dhambi. Lakini swali linalofuata, yaani matairi haya mapya yajazwe upepo kiasi gani, hujibiwa kwa kubahatisha. Fundi mmoja hujaza kwa mazoea, kila gari sawa. Wa pili husoma nambari iliyopigwa ubavuni mwa tairi akaijaza yote. Wa tatu hupunguza upepo kwa hoja kwamba joto litauzidisha na tairi litapasuka. Wote watatu huenda wakakosea, na yule wa tatu ndiye wa kuogopwa zaidi.

KINACHOBEBA GARI

Msingi wa maneno yetu yote ni huu: mpira peke yake haubebi gari. Kinachobeba ni hewa iliyobanwa ndani yake. Tairi ni mfuko wa kuishika hewa hiyo, na kila mfuko una kiasi cha mzigo uwezacho kubeba kwa kila kipimo cha upepo. Upepo ukipungua, uwezo wa kubeba nao hupungua, hata kama tairi ni jipya na la bei kubwa.

Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo ya mlango au upande wa ndani wa mlango wenyewe. Utakuta kibao kidogo, pengine kipo kwenye kifuniko cha tangi la petroli, kinachotaja ukubwa wa matairi ya kiwandani na upepo wake, kwa bar au kwa paundi. (Bar 1 ni sawa na paundi 14.5.) Mara nyingi huwa na safu mbili: moja kwa watu wachache, na nyengine kwa gari lililojaa watu na mizigo. Nambari hizo zimewekwa na watengenezaji wa gari baada ya kuupima uzito wake, breki zake na mwenendo wake katika kona.

Tatizo ni kwamba kibao hicho kinazungumzia tairi lile la kiwandani. Ukivisha tairi la aina nyengine, kibao bado kina faida, lakini kimekuwa mwanzo wa hesabu na si mwisho wake.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Tuchukue mfano wa gari ndogo iliyotoka kiwandani na matairi yaliyoandikwa 205/55 R16 91V. Nambari 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya upana huo, nacho ni kama milimita 113. R yaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. V ni mwendo wa juu kabisa ambao tairi limejengewa, kilomita 240 kwa saa. Iliyobaki ni 91, nayo ndiyo nambari ambayo wanunuzi wengi huipita bila ya kuitupia jicho. Hiyo ni nambari ya mzigo. 91 maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 615 likiwa limejazwa ipasavyo.

Sasa kijana wetu ananunua ringi za inchi 18 na matairi ya 225/40 R18 92 XL. Urefu wa gurudumu zima haukubadilika sana: la zamani lilikuwa milimita 632 na jipya ni milimita 637, kwa hiyo mshale wa mwendo utabaki karibu na ukweli. Lakini ubavu umeshuka kutoka milimita 113 hadi 90, na nafasi ya hewa ndani imepungua. Kijana anatazama nambari ya mzigo, anaona 92, yaani kilo 630, anafurahi kwamba tairi jipya lina nguvu kuliko la zamani. Anajaza bar 2.2 kama kibao cha mlangoni kinavyosema, akaondoka zake.

Hapa ndipo palipo mtego. Herufi XL zaonyesha tairi lililotiwa nguvu ili libebe mzigo wa ziada, lakini nguvu hiyo hupatikana kwa upepo wa ziada tu. Kwa kanuni za Ulaya, tairi la kawaida hufikia uwezo wake wote kwa bar 2.5, na tairi la XL huufikia kwa bar 2.9. Tukifanya hesabu, tairi la zamani kwa bar 2.2 lilikuwa likibeba kiasi cha kilo 555. Tairi jipya la XL, kwa bar 2.2 hizo hizo, hubeba kiasi cha kilo 505. Pamepotea kilo 50 kwa kila gurudumu, na magurudumu ni manne. Kilo 200 ni uzito wa watu wazima wawili pamoja na masanduku yao. Gari limependeza, nalo limenyang'anywa nafasi ya wajomba wawili bila ya mwenyewe kujua.

Ili tairi hilo libebe kama lile la kiwandani, lahitaji kiasi cha bar 2.5 pale kibao kinaposema 2.2. Na ikiwa kibao chasema 2.5 kwa gari lililojaa, basi lahitaji baina ya 2.8 na 2.9, na hapo limekwisha kufika ukingoni mwa uwezo wake. Halina akiba tena.

Lau kijana huyo angeridhika na ringi za inchi 17 na matairi ya 225/45 R17 91 ya kawaida, yasiyo XL, kibao cha mlangoni kingemtosha kama kilivyo, kwani nambari ya mzigo na aina ya tairi ni zile zile. Na lau angechagua 225/45 R17 94 XL, angeongeza bar 0.1 tu, na akiba ya nguvu ingebaki. Lakini akiuziwa 225/40 R18 yenye nambari 88, ambayo ni kilo 560, basi ajue kwamba ameteremka chini ya 91 ya kiwandani, na hakuna upepo wa kuliponya kosa hilo. Tairi lenye nambari ya mzigo iliyo chini ya ile ya kiwandani halifai kufungwa, kwa bei yoyote.

NAMBARI YA UBAVUNI NI DARI

Wapo wanaosoma ubavuni maneno yanayotaja upepo wa juu kabisa, wakadhani ndio upepo unaotakiwa. Nambari hiyo ni mpaka wa tairi, kama vile kimo cha dari ni mpaka wa chumba. Hakuna anayeambiwa aishi akigusa dari. Tairi lililojazwa kupita haja hugusa lami kwa katikati tu, breki hupungua nguvu, na jiwe au shimo huweza kuipinda ringi, hasa ikiwa ubavu ni mfupi.

Wenye magari makubwa ya jangwani nao wana lao. Wengi hubadilisha matairi ya kiwandani wakatia yale yenye herufi LT, yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya mizigo myepesi. Baadhi yake yameandikwa paundi 80 ubavuni, ambazo ni bar 5.5. Kuzijaza paundi zote hizo katika gari la familia ni kuligeuza tairi kuwa jiwe. Lakini kujaza kama kibao cha mlangoni pia ni kosa, kwani tairi la LT huhitaji upepo zaidi ili kubeba mzigo ule ule. Muuzaji wa matairi ya namna hii aombwe jedwali la mzigo na upepo la kiwanda kilichoyatengeneza, na asiyelijua jedwali hilo asituchagulie matairi.

JOTO NA IMANI YA KUPUNGUZA UPEPO

Twaja sasa kwenye imani iliyoenea sana miongoni mwetu: kwamba wakati wa joto upepo upunguzwe ili tairi lisipasuke. Imani hii ina sura ya busara, lakini ndani yake imebeba maafa.

Ni kweli kwamba hewa hupanuka kwa joto. Katika tairi la gari ndogo, kila nyuzi 10 za joto huongeza kiasi cha bar 0.1. Watengenezaji wa matairi na magari walilijua hilo tangu zamani, na ndiyo maana nambari zao ni za tairi lililopoa. Ongezeko linalokuja safarini, la bar 0.3 au hata zaidi, limekwisha kuhesabiwa.

Kinacholipasua tairi barabarani mara nyingi ni uchache wa upepo. Tairi lisilojaa hukunjika ubavuni kila linapogusa ardhi, kisha likanyooka. Katika mwendo wa kilomita 120 kwa saa, gurudumu la mfano wetu huzunguka mara 1,000 kwa dakika, maana yake ubavu hukunjwa na kunyooshwa mara 1,000 kila dakika. Chukua waya wa chuma, uukunje na kuunyoosha kwa vidole. Hautachukua muda utauhisi umoto, kisha utakatika. Hali ya tairi ndiyo hiyo. Joto la kukunjika likikutana na joto la lami, mpira huachana na nyuzi zake, na tairi hufumuka ghafla. Anayepunguza upepo kwa kuogopa joto huwa amelialika joto lenyewe.

Ushahidi haukuwa mbali nasi. Mwaka 1999 kampuni ya Ford ilianza kubadilisha matairi ya Firestone ya magari ya Explorer nchini Saudi Arabia na nchi nyengine za Ghuba, baada ya ngozi za matairi kubanduka na magari kupinduka. Mwezi wa Agosti 2000, Firestone ikatangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, ambako zaidi ya watu 200 walikufa katika ajali hizo. Sababu zilizozungumzwa zilikuwa zaidi ya moja: namna tairi lilivyojengwa, joto, mwendo, mzigo, na upepo. Ford ilikuwa imependekeza paundi 26, na Firestone baadaye ikataka ziwe 30. Tofauti ya paundi 4 ni ndogo mkononi mwa fundi, lakini katika gari zito, siku ya joto, ilitosha kuwa mzozo wa dunia nzima. Kutokana na msiba huo Marekani ilitunga sheria mwaka 2000, na kuanzia Septemba 2007 magari mapya madogo yote huko yalilazimishwa kuwa na taa ya kuonya upepo unapopungua.

Taa hiyo nayo isitughuri. Kwa kanuni ya Marekani huwaka upepo ukishuka kwa asilimia 25 chini ya kibao. Kama tairi lako jipya lahitaji bar 2.5 na kibao chasema 2.2, taa huenda isiwake mpaka ufike karibu na 1.65. Na kama fundi alipobadilisha ringi hakuvihamisha vipimo vilivyokuwa ndani ya zile za zamani, katika magari mengi taa hiyo haina tena cha kukwambia.

LINI TUPIME

Tairi hupimwa likiwa limepoa, yaani gari limesimama si chini ya saa tatu, au limekwenda kilomita mbili tu kwa upole. Kwetu hapa wakati ulio bora ni baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijachomoza. Gari likishapigwa na jua upande mmoja, matairi ya upande huo yatasoma juu kuliko ya upande wa pili, na anayeyasawazisha wakati huo anayaharibia hesabu.

Hata hivyo, alfajiri ya Oman si ya kila mahali. Mwezi wa Juni 2018, hapa jirani yetu Qurayyat, kwa muda wa saa 24 nzima joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Msafiri anayejaza upepo Maskati katika joto kama hilo, kisha akalala Salalah kwenye ukungu na manyunyu ya nyuzi 25, atakuta asubuhi yake upepo umepungua kwa kiasi cha bar 0.17 bila ya pancha yoyote. Kwa hivyo apime tena Salalah kabla ya kurudi. Na ikimlazimu kupima njiani matairi yakiwa ya moto, asitoe upepo hata akiona nambari imezidi. Akikuta nambari iko chini ya ile ya tairi lililopoa, ajue kuna upungufu mkubwa, aongeze na atafute sababu.

Kuhusu naitrojeni inayouzwa gereji, haina ubaya, lakini hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Nayo hupanuka kwa joto kama hewa nyengine, wala haimwondolei mtu wajibu wa kupima.

MCHANGANI

Wanaokwenda kulala kwenye michanga ya Sharqiya hupunguza upepo hadi bar 1.0 au 1.2 ili tairi litandae na lisizame. Hiyo ni desturi sahihi kwa magari ya jangwani yenye matairi ya ubavu mrefu, yakiendeshwa pole pole. Ringi kubwa yenye ubavu mfupi haifai kwa kazi hiyo, kwani tairi huweza kuchomoka kwenye ringi au ringi ikapigwa na jiwe. Na sharti moja halina msamaha: upepo urudishwe kabla ya kupanda lami. Kaa na pampu ndogo ya umeme ndani ya gari, na usimwachie mwenzako akwambie kwamba kituo cha petroli kipo kilomita 40 tu mbele. Kilomita 40 kwa bar 1.2 zatosha kuliua tairi kwa ndani, nalo likaja kupasuka wiki mbili baadaye, siku umebeba watoto.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kabla ya kununua, andika ukubwa, nambari ya mzigo na upepo wa kibao. Tairi jipya lisiwe na nambari ya mzigo iliyo chini ya ya kiwandani.

2. Uliza kama tairi ni la kawaida, XL au LT. La kawaida lenye nambari ile ile ya mzigo hufuata kibao. La XL au LT lafuata jedwali la kiwanda chake.

3. Andika nambari mpya kwenye karatasi, uibandike karibu na kibao, ili mama wa nyumbani, kijana au fundi yeyote asikose.

4. Pima mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu, kwa geji yako mwenyewe. Geji za vituoni hupigwa na kuangushwa kila siku.

5. Usilisahau tairi la spea. Lile jembamba la dharura huhitaji bar 4.2, na mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa.

6. Baada ya miezi michache zitazame kashata. Zikiisha katikati, upepo ulizidi. Zikiisha pande zote mbili za ukingo, upepo ulipungua.

Wahenga walisema ajali haina kinga, nasi huyatumia maneno hayo kila tunapokwenda kutoa rambirambi. Kudra ya Mwenyezi Mungu haina mpinzani, lakini tumeamrishwa tumfunge ngamia kwanza, kisha tutawakali. Geji ni kitu kidogo, na kuyapima matairi manne ni kazi ya dakika tano. Kwa hivyo tunawaomba kina baba, kina mama na vijana wenye magari, kabla ya kufunga mizigo ya Salalah, waifanye kazi hiyo ya dakika tano. Na ukishausoma ukurasa huu, mpe jirani yako ambaye gari lake limevishwa ringi mpya.

Twawatakia safari njema na marejeo ya salama. Wabillahi tawfiq.